Mbeleko gani haimchoshi mzazi wala mtoto? Kanga, za mikanda, za kiti: tujadili

FundiMbagala

Wakuu, habari za humu ndani.

Kila baada ya siku chache mtu anauliza jukwaani "mbeleko nzuri ni ipi, inapatikana wapi", anarushiwa picha tatu na namba ya WhatsApp, mjadala unaishia hapo. Mimi ni fundi cherehani. Siku hizi naletewa mbeleko za dukani karibu sawa na magauni: iliyokatika mkanda, iliyopasuka klipsi, inayomkata mama mabega mpaka anaona bora aiuze. Kwa hiyo nazijua kwa ndani, kule ambako muuzaji hakuonyeshi. Na wanangu nimewabeba kwa kanga na kwa hizo za mikanda pia.

Mwenye haraka achukue hili aondoke nalo: usihangaike na unene wa sponji, tazama uzito wa mtoto unakaa wapi. Ukikaa mabegani, sponji halitakusaidia, jioni utaumwa tu. Ukishuka kiunoni, juu ya mifupa ya nyonga, unatembea na mtoto wa kilo kumi toka Rangi Tatu hadi Zakhem, hapa Mbagala, huku unapiga stori. Kwa upande wa mtoto, magoti yawe juu kidogo kuliko makalio, na kitambaa kishike mapaja kutoka nyuma ya goti hili hadi nyuma ya goti lile. Hayo mawili yakiwepo, mengine ni mbwembwe: mifuko ya kuwekea chupa, kofia ya jua, maua.

Ukitaka ushahidi, mshike mwanao wa miezi mitano kwapani umnyanyue. Miguu anaikunja mwenyewe na kuipanua, kama chura. Ndivyo nyonga zake zinavyotaka kukaa. Sasa chukua zile mbeleko nyembamba katikati, zinazoacha miguu ikining'inia wima: uzito wote wa mtoto umekaa kwenye msamba. Baada ya muda anaanza kulia, mama anatoa ziwa, mtoto halitaki, kila mtu anachanganyikiwa. Anayeumia pale haumwi njaa.

Kanga. Naanza nayo makusudi. Kanga ikifungwa vizuri inafanya kila kitu nilichotaja na haina klipsi hata moja. Shida ni ufungaji. Wengi tunapitisha kitambaa bega moja, fundo kifuani, basi. Bega lile linabeba mtu mzima peke yake. Jaribu hivi: inama mbele mtoto akiwa mgongoni, makalio yake yakae juu kidogo ya kiuno chako. Kitambaa kipite juu ya mgongo wake hadi usawa wa kwapa zake, ncha mbili za juu zije mbele chini ya kwapa zako, funga juu ya matiti. Halafu, na hapa ndipo watu wanaporuka, ingiza mkono chini uvute pindo la chini mpaka likae kwenye mikunjo ya magoti yake. Lisiishie kwenye makalio. Ndipo ncha za chini uzilete kiunoni uzikaze. Ukisimama wima, ruka kidogo. Mtoto akishuka, hukukaza.

Kanga mpya ina wanga, inateleza, fundo linalegea lenyewe. Ifue kwanza hata mara mbili. Kitenge kinashika zaidi. Kikoi kwangu ndiyo baba lao, ule ufumaji wake mzito hauachii. Na kama wewe ni mama mwenye mwili, kanga ya mita moja na nusu itakutesa bure. Nunua kitenge cha yadi mbili na nusu ukipinde ncha, umemaliza.

Za mikanda. Hapa fungua macho. Kabla hujalipa, igeuze upande wa ndani, tazama pale mkanda wa bega unapoingia kwenye mwili wa mbeleko. Unatakiwa uone boksi la mshono lenye msalaba katikati. Nyingi zinazonifikia zimekatika hapohapo, na ukifumua unakuta mstari mmoja wa kwenda na kurudi, uzi mwembamba, kitambaa kimeingia nusu sentimita. Hiyo imeshonwa ili ipigwe picha. Klipsi: ifunge, isikike "ta!", halafu ivute kwa nguvu zako zote pale dukani. Muuzaji akinuna, mwachie mbeleko yake. Plastiki iliyoanza kuwa na mistari myeupe kwenye kona imechoka, na mitumba mingi ya mbeleko ina ugonjwa huo. Ila nasema wazi, mtumba mzuri wa kiwandani unaushinda mpya wa bei rahisi, alimradi umekagua klipsi na mishono.

Kuvaa: mkanda wa kiuno unaanza, mtoto bado hajaingia. Ukae juu ya mifupa ya nyonga, usikae tumboni. Kaza. Mtoto aingie, mikanda ya mabega ndiyo ifuate. Ukiinamisha kichwa uweze kumbusu utosini. Akiwa chini zaidi ya hapo atakuvuta mbele, na wewe utapinda mgongo kwenda nyuma kumfidia. Maumivu ya kiuno mnayolalamikia mengi yanatoka hapo.

Za kiti. Hizi zimekuja kwa kasi, kila duka la watoto zipo. Ni kiti cha foma juu ya mkanda mpana wa kiunoni. Kwa mtoto anayekaa mwenyewe, wa miezi sita kwenda juu, na kwa yule wa "nibebe, nishushe, nibebe", inafaa sana. Kwa mtoto mchanga, hapana. Kwa safari ndefu pia sizipendi, maana kiti kinamsukuma mtoto mbali na mwili wako na mkono mmoja lazima umshike.

Zile za kumlaza kwenye mfuko. Mimi sishoni na sirekebishi. Mtoto anakunjika ndani, kidevu kinagusa kifua, njia ya hewa inaziba kimyakimya. Marekani, tume yao ya usalama wa bidhaa, CPSC, ilitoa tahadhari mwaka 2010 baada ya kuhesabu vifo 14 katika miaka 20 vilivyohusishwa na mbeleko za aina hiyo ya kutundika begani, wengi wakiwa watoto wa chini ya miezi minne.

Nimeandika sana. Naomba kuwasilisha, wenye uzoefu mwageni.

kipanga_mweusi

Naweka kambi hapa. Wife ana mimba ya miezi saba.

BibiWaPongwe

Mwanangu, kuhusu kanga umesema kweli tupu, wala sina la kuongeza. Lakini hili la kumpanua mtoto miguu akiwa mdogo, sisi tulikatazwa. Mtoto anapata matege. Mimi wajukuu zangu nawanyoosha miguu kila wakitoka kuoga, nawafunga na kitambaa miguu ikiwa imenyooka, na wote wana miguu mizuri.

ViungoTiba

Shikamoo bibi. Mimi nafanya kazi ya fiziotherapia, na hilo swali naulizwa kila wiki, kwa hiyo naomba nilijibu kwa heshima.

Karibu kila mtoto anazaliwa na miguu iliyopinda kidogo, kwa sababu alikuwa amejikunja tumboni. Akianza kusimama inaonekana zaidi, na kufikia miaka miwili hivi kwa wengi inanyooka yenyewe, awe alibebwa mgongoni au hakubebwa. Wajukuu zako wangekuwa na miguu mizuri hata bila kile kitambaa, bibi yangu. Matege yanayobaki mara nyingi yanatokana na mifupa kuwa laini kwa kukosa vitamini D au madini ya kalsiamu. Ukiona mguu mmoja umepinda na mwingine haujapinda, au miaka mitatu imefika na hali inazidi, hapo mpeleke hospitali.

Kumfunga miguu ikiwa imenyooka ndiko kunakotutia wasiwasi sisi. Kikombe cha nyonga cha mtoto mchanga bado ni gegedu laini. Mguu ukilazimishwa kunyooka, kichwa cha paja kinaweza kusukumwa nje ya kikombe chake. Ile taasisi ya kimataifa ya nyonga za watoto, IHDI, inashauri mkao uleule alioueleza fundi, na inasisitiza zaidi miezi sita ya mwanzo. Kuna utafiti wa Malawi uliochapishwa 2015: walipitia kumbukumbu za hospitali ya Beit CURE ya Blantyre toka 2002 hadi 2012, watoto zaidi ya 40,000, hawakukuta hata mmoja aliyefanyiwa upasuaji kwa sababu ya nyonga kutokaa vizuri toka utotoni. Watafiti wenyewe walihusisha jambo hilo na desturi ya kina mama wa Malawi kubeba watoto mgongoni. Haithibitishi kila kitu, ila inatosha kumtuliza mtu anayeogopa kanga.

Fundi, nikusahihishe kidogo pia: mbeleko nyembamba haijaonekana kumharibu nyonga mtoto mwenye nyonga nzima. Inamkosesha raha, na wewe inakuchosha. Tusiwatishe watu kupita kiasi.

FundiMbagala

Nimekuelewa mkuu, na ndiyo maana nimeongelea msamba tu. Raha yenyewe inatosha kuwa sababu.

BibiWaPongwe

Marahaba mwanangu. Nimesoma. Kunyoosha kwa mafuta sitaacha, ila kitambaa nitakitoa.

BabaPacha

Wanaume wenzangu mko wapi? Mimi nabeba. Mwanzoni mtaani walikuwa wananiita kila jina, sasa wamezoea, na wawili nimewaona na mbeleko zao wakienda kununua mkate.

Swali kwa fundi: mimi ni mrefu, mke wangu mfupi. Tununue moja au mbili? Pili, daladala na bodaboda mnafanyaje?

FundiMbagala

Hahaha, hongera baba. Moja inatosha ikiwa mkanda wa kiuno na wa mabega yote inarefuka na kufupika, na kila mmoja akaurekebisha kabla ya kuvaa. Weka alama ya uzi wa rangi kwenye mkanda, yako nyekundu, yake ya bluu, mnavuta hadi hapo. Naziwekea wateja, ni kazi ya dakika moja.

Daladala: mgeuze mtoto aje mbele kabla hujapanda. Mgongoni humwoni, na mlangoni pale mnasukumana. Kiwiko cha mtu kinamkuta usoni hujui. Ukipata siti, mlegeze kidogo lakini usimtoe mkono.

Bodaboda, hapa sitakudanganya. Hakuna mbeleko iliyotengenezwa kumlinda mtoto mkianguka, iwe ya elfu tano au ya laki tatu. Hata kwenye gari ndogo mbeleko haichukui nafasi ya kiti cha mtoto.

jirani_mkorofi

Mnawazoesha watoto mikono. Baadaye mama hapiki, hafui, mtoto hakai chini. Wangu nalaza tu.

ViungoTiba

Mkuu, hilo lilishapimwa. Watafiti wa Montreal, Kanada, kazi yao ikatoka 1986: kundi moja la wazazi waliambiwa waongeze kuwabeba watoto walau saa tatu kwa siku, hata kama hawalii. Wakifika wiki sita, umri ambao kilio kinakuwa kileleni, watoto wale walikuwa wanalia na kusumbua kwa asilimia 43 pungufu ya wenzao. Na mama mwenye mbeleko ndiye anayepika na kufua, mikono yake ipo huru. Tahadhari moja tu jikoni: jiko la moto na mafuta yanayochemka, mtoto asiwe mbele. Mgongoni, au mpe mtu mwingine.

LesoMvita

Hamjambo, mimi niko Mombasa. Kijana wangu yuafika miaka miwili na nusu, kilo 14, akitembea hatua kumi ataka kubebwa. Mbeleko yake ya mikanda bado nzima lakini mapaja yote yako nje, alalamika. Leso nayo aniponyoka. Ninunue nyengine au nimwambie atembee tu?

FundiMbagala

Dada yangu, kama nzima usiitupe. Mkalishe mwanao juu ya kochi magoti yamekunjwa na kupanuka vile anavyokaa ukimbeba, pima toka mkunjo wa goti hili, pitisha chini ya makalio, hadi mkunjo wa goti lile. Halafu pima upana wa kitambaa cha mbeleko pale anapokalia. Ikipungua kidogo tu, vidole viwili kila upande, achana nayo, mtoto mkubwa anavumilia. Ikipungua zaidi, fundi yeyote anayejua kazi atakuongezea masikio mawili ya pembeni: jinzi nzito kwa nje, pamba kwa ndani, sponji jembamba katikati ili pindo lisimkate. Masikio yashonewe kwenye mkanda wa kiuno pia. Yakishikwa na mwili wa mbeleko peke yake yatakunjika.

Urefu wa mgongo: kwa umri wake mikono inaweza kuwa nje, kitambaa kiishie kwapani. Akilala kishike hadi kisogoni, ndiyo maana kile kikofia kina kazi.

Halafu kilo 14 beba mgongoni. Mbele huoni unakanyaga wapi, na kifua chako hakipumui.

LesoMvita

Ahsante sana dadangu. Kuna fundi hapa mtaani kwetu, nitampelekea vipimo hivyo.

mswahili_birmingham

Salamu toka Uingereza. Huku kuna kitu naona kingefaa kuanzishwa na kina mama wa nyumbani: maktaba za mbeleko. Unakwenda, unajaribu aina tano ukiwa na mtoto wako mwenyewe, unakodi moja kwa wiki kadhaa, isipokufaa unarudisha. Mimi niliyopenda kwenye picha ilinishinda palepale, na niliyoidharau ndiyo ninayo. Mwili wa kila mtu na mbeleko yake.

Wana sheria zao tano za usalama, nawawekea kwa lugha yetu: awe amebana vizuri kwenye mwili wako, uso wake uonekane muda wote, awe karibu kiasi cha kumbusu, kidevu kisiguse kifua (vidole viwili vipite chini yake), mgongo uwe umeshikiliwa. Ya pili na ya tatu ni za mbeleko ya mbele; mgongoni mnajua wenyewe, shingo iwe imekaza kwanza.

Na wakati wa baridi usimvalishe koti nene ndani ya mbeleko, anabanwa na kuchemka. Koti livaliwe kwa nje, liwafunike wote wawili.

La mwisho la kuchekesha: mnaolipa pesa ndefu kwa "mbeleko ya Ulaya" mjue ilikotoka. Miaka ya 1960 nesi mmoja Mmarekani, Ann Moore, alikuwa Togo na Peace Corps, lile shirika la Marekani la watu wa kujitolea, akaona kina mama wanabeba watoto mgongoni na watoto wametulia. Akarudi kwao, akapata wa kwake, mama yake akamshonea begi la kubebea. Wakaliita Snugli, wakapata hataza 1969. Kwa hiyo tunauziwa vya kwetu, vimetiwa zipu.

kipanga_mweusi

Duh. Hii ya Togo nitaenda nayo kijiweni.

MamaWaWikiTano

Samahanini, mimi nimejifungua kwa upasuaji, mtoto ana wiki tano, alizaliwa na kilo mbili na robo. Naruhusiwa kumbeba? Mkanda ukikaa pale unanigusa mshono.

ViungoTiba

Hongera sana mama. Mkanda wa kiuno usikae juu ya mshono. Kwa sasa kitambaa kirefu, kitenge au shuka jepesi, kifungwe juu, kifuani, uzito uwe juu ya kidonda. Anza kwa muda mfupi, ukiwa umekaa au unatembea ndani. Ukisikia unavutwa chini, mshono unachoma au unatoa maji, acha na uende walikokuzalisha. Ukienda kliniki ya wiki sita, waambie kabisa unataka kuanza mbeleko ya mikanda.

Kwa uzito huo kifuani ndiyo mahali pake, ngozi kwa ngozi, mtoto ana nepi na kofia tu. Usiichukulie kama njia ya wasio na uwezo. Utafiti wa WHO uliotoka 2021, uliofanyika nchi tano ikiwemo Tanzania, pale Muhimbili, ulionyesha kuwa watoto wa chini ya kilo 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri wawe imara kwanza, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 25. Wako ni mkubwa kuliko hao, na joto la kifua chako linamfaa vilevile.

Mgongoni bado. Subiri shingo. Na zile za kumgeuza atazame mbele, zisubiri zaidi, na akisinzia mgeuze akutazame.

MamaWaWikiTano

Asante dokta, Mungu akubariki.

ViungoTiba

Mimi si dokta mama 😀 lakini amina.

chaza_wa_temeke

Mmesahau joto! Dar hii mwezi wa pili, mbeleko ya sponji, mtoto anatoka ameloa chapachapa, shingo yote vipele.

FundiMbagala

Kweli nimelipita hilo. Kwa Dar, Tanga na Mombasa chagua yenye neti mgongoni, na upande unaomgusa mtoto uwe pamba. Ukikuta kinang'aa na kinateleza ukikisugua, hicho ni polista, jasho halina pa kwenda. Hesabu mbeleko kuwa nguo mojawapo: ndani yake avae fulana nyepesi tu au nepi peke yake, na kanga moja nyembamba inashinda zote saa saba mchana. Mguse nyuma ya shingo, viganja vinadanganya. Ikiwa na moto na jasho, mtoe.

Na jamani ile ya kumfunika mtoto gubigubi na kanga usoni ili jua lisimpige, tuache. Ndani mle hewa haizunguki. Mwamvuli upo.

sikonge_boy

Yangu imeandikwa hadi kilo 20. Ni kweli au biashara?

FundiMbagala

Zipo za viwanda vikubwa ambazo kweli zimepimwa kwa kilo hizo. Lakini namba ile inakuambia mshono hautakatika, haijakuambia mgongo wako utasemaje. Na hizi zisizo na jina la kiwanda, mtu anaweza kuchapisha kilo yoyote kwenye lebo. Rudi kwenye mshono wa boksi.

BabaPacha

Fundi, klipsi ya bega imepasuka nusu, bado inashika. Nipige supaglu?

FundiMbagala

Usithubutu. Supaglu inakauka ngumu, siku ikiachia inaachia yote kwa pamoja. Kata hiyo klipsi, nenda Kariakoo kwa wanaouza vifaa vya mabegi, uwe nayo mkononi maana ya bega na ya kiuno upana wake haufanani. Nunua ile yenye meno mazito, dume na jike pamoja, usichanganye jike la zamani na dume jipya. Fundi akishaibadilisha, weka gunia la unga la kilo kumi ndani ya mbeleko, litembeze uani, halafu ndiyo aingie pacha.

BabaPacha

Dona au sembe?

FundiMbagala

😀😀 Lolote, ila lifunge kwenye mfuko wa plastiki kwanza, pamba ikinywa unga utaifua wiki nzima.